Mapigo Manane

Mtahini aliinua kalamu kwa mara ya pili, na Babu Uzi akashusha upinde wa zeze kabla hajaambiwa.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa shule ya msingi, kwa ajili ya ule uzi mmoja wa zeze, na kwa sababu mwenyewe alikuwa mwembamba vilevile. Miaka kumi na minane aliwafundisha bila mtu kumwuliza cheti. Kisha mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamweleza kwa upole kwamba kuanzia muhula ujao asiye na cheti cha muziki wa asili hataingia darasani. Ndiyo maana leo, mtu wa miaka sabini na mmoja, alikuwa amepanda mabasi mawili na ngazi za ghorofa tatu, akakaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Alikuwa mtahiniwa wa kumi na tisa. Magoti yalikuwa yakimlilia.

Mtahini naye alikuwa hoi. Alikuwa mama wa makamo, kavua viatu chini ya meza akidhani haonekani, na chai yake ilikuwa imepoa ikafanya utando. Mzee alipoingia, mama huyo alimwamkia vizuri, akamsogezea kiti mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema sasa, "unapiga vizuri kuliko wote niliowasikia leo. Lakini unaruka kimya."

Akamweleza kama alivyowaeleza wengine kumi na wanane. Wimbo huu wa mavuno ni wa lazima kwa kila mtahiniwa. Ulirekodiwa miaka arobaini na mitano iliyopita na mtu wa redio aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba na mashine ya utepe. Baada ya ubeti wa tatu mpigaji hunyamaza mapigo manane, ndipo huendelea, tena polepole kuliko alivyoanza. Kimya kile kimeandikiwa vitabu. Kuna wanaosema ni pumzi ya mababu, kuna wanaosema ni mahali pa wachezaji kugeuka. Hata vijana wa studio, wanaoutia wimbo huo kinanda na ngoma za kompyuta, hawathubutu kukigusa.

Akaiwasha rekodi. Mzee alisikiliza macho yakiwa sakafuni. Zeze likakatika, mkwaruzo wa utepe ukabaki peke yake, kisha zeze likarudi.

"Nani huyo anayepiga?" mzee aliuliza.

"Hajulikani. Pengine alishafariki zamani."

"Pengine," alisema mzee.

Mtahini akamsihi ajaribu mara moja tu. Ahesabu nane moyoni, hata kama haamini, naye ataandika kwamba amefaulu. Alisema hapendi kumrudisha mtu mzima nyumbani mikono mitupu.

Babu Uzi akaliegemeza zeze kifuani, akaanza. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Mtahini akaweka kidole mezani tayari kuhesabu. Upinde haukusimama. Ulipita pale mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali.

"Hapo hapana kimya, mwanangu," alisema alipomaliza. "Wimbo huu ni wa watu wanaovuna. Mvunaji akisimama, mvua inamkuta."

Mtahini aliandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia arudi mwakani, akamsindikiza hadi mlangoni bila viatu.

Jua lilikuwa limeshuka Babu Uzi alipofika nyumbani. Mkewe alikuwa uani akianua nguo. Alimpokea mfuko wa zeze, akamletea beseni la maji ya vuguvugu, naye akatumbukiza miguu. Ndipo akamsimulia yote: benchi, ngazi, chai yenye utando, pumzi ya mababu. Akasema kesho atakwenda shuleni kuwaaga watoto, maana mwakani ni mbali kwa mtu wa umri wake.

Mkewe alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya.

"Hukumwambia kwamba kwenye ule utepe ni wewe?"

"Angeniuliza kwa nini nilinyamaza."

Ni mkewe aliyetoka chumba cha ndani siku ile ya kurekodi, akamnong'oneza mumewe kwamba mtoto wao ameshakata roho. Na mtu wa redio, asiyejua kilichosemwa, akazungusha kidole hewani kumwonyesha kwamba utepe bado unakwenda.