Mchungaji Ajaribu Mara ya Tatu

Mchungaji alikuwa amepiga magoti stoo ya kanisa, kati ya viti vibovu na ndoo za kupigia deki, peremende mbili zikiwa mdomoni.

"Bwana," alinong'ona, "kwa nguvu zangu siwezi."

"Hilo hata Bwana hahitaji kuambiwa," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Kanisa zima tulishuhudia."

Mchungaji hakufumbua macho. Walishuhudia kweli, na hawakusahau. Mara ya kwanza alishindwa hata somo halijamaliza kusomwa. Mara ya pili alijikaza mpaka katikati ya mahubiri, halafu udhaifu ukamzidi, akaharibu ibada mbele ya waumini na wageni wao. Wazee wa kanisa wakaketi kikao, wakasema akiharibu tena leo, hakuna mara ya nne. Na ambaye angeumia kuliko wote ni huyu aliyesimama mlangoni.

Tangu ujana wake, Mchungaji alikuwa akiwaambia watu wapeleke udhaifu wao kwa Mungu. Aliwaambia walevi, akawaambia wasengenyaji, akawaambia hata vibarua waliodhulumiwa ujira wao kwamba tatizo lao ni hasira. Udhaifu wa kila mtu aliujua kwa jina. Wa kwake mwenyewe aliuita kipawa.

Bibi anayefagia kanisa aliingia kurudisha ufagio, akamkuta bado yuko chini.

"Hujamaliza tu, mwanangu?"

"Naogopa, bibi."

"Ogopa, hakuna aliyekukataza. Lakini mimi nimefunga tangu jana kwa ajili yako. Usije ukanishindisha njaa bure."

Mkewe alicheka, akamshika kiwiko akamnyanyua, akamweka kola sawa. Vidole vyake navyo vilikuwa vya baridi.

"Ukisikia imeanza kupanda," alimwambia, sasa bila utani, "usipambane nayo peke yako. Niangalie mimi, kisha mwite Mungu."

"Na isiposhuka?"

"Mwite tena. Si ndivyo unavyotufundisha?"

"Nilikuwa nafundisha tu, mama. Sikujua kumbe ni kazi."

"Sasa umejua. Twende."

Mkewe akabana Biblia kwapani, wakaingia kanisani wameshikana mikono. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa mwisho. Shingo ziligeuka benchi baada ya benchi. Akina mama waliokuwa nyuma walisukumana kwa viwiko. Fundi umeme, aliyekuwa akijaribu kipaza sauti, alimwona Mchungaji akija, akakikumbatia kipaza sauti kifuani kama mtoto mchanga.

Mchungaji ni mtu aliyewahi kuhubiri sokoni kwenye mvua, na hata kwenye mazishi ya watu asiowajua. Leo yote hayo hayakumsaidia kitu. Alitafuna peremende ya mwisho, akalisikia lile jambo likianza kupanda kutoka tumboni, taratibu, kama lilivyopanda zile mara mbili. Hakubakiwa na nguvu wala ujanja. Alibakiwa na ombi moja, fupi kuliko yote aliyowahi kuomba maishani.

Nishike.

Kwaya ikaketi. Kanisa likatulia.

Mkewe akamwachia mkono, akapanda mimbarani, akafungua Biblia, akaanza kuhubiri. Mchungaji akaketi benchi la mbele, akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, asije akamdakia mahubiri kwa mara ya tatu.