Seva ya Bibi Twilumba

Sheria ilisema kila nyumba prosesa moja tu ya kompyuta, na kuni zilikwisha kupigwa marufuku, hata huku Makete kwenye baridi ya kung'oa meno. Basi Bibi Twilumba alipogawiwa laptopu mpya, mkaguzi Tweve akaja kuishindanisha na seva kuukuu ya bibi. Itakayoshindwa ibebwe. Bibi roho juu, maana ubavuni mwa seva alilala kitukuu chake, aliyezaliwa kabla ya siku zake, akiota joto.

Mashine zote mbili zikapewa hesabu moja. Laptopu ikamaliza kimya, baridi kama chura. Seva ikanguruma kama kinu cha kusaga, ikachelewa, chumba kizima kikapata joto.

"Imeshindwa, bibi. Inakula umeme wa nyumba kumi, na akili haifiki robo ya hii ndogo."

"Marehemu babu yako naye alikuwa hivyohivyo, mjukuu wangu. Lakini blanketi la pili sikuwahi kulihitaji."

Tweve akacheka, mikono yake mwenyewe ikiota joto juu ya seva. Akakitazama kile kichanga. Akafuta "prosesa" kwenye fomu, akaandika "jiko".

"Ila jiko haliulizwi maswali, bibi."

"Nani aulize jiko?"

Shida ni kwamba seva isipofikiri hupoa. Tweve alipotoka tu, bibi akaiinamia: "Nitafutie, taratibu, dunia itakuwaje mtoto huyu akitimiza miaka mia."

Seva ikanguruma. Mashavu ya mtoto yakapata rangi. Jibu halikuja, na bibi hakuwa na haraka nalo.