Doa Dirishani

Alikwisha kufuta kioo cha skana, akaupuliza mkanda wa negativu za marehemu baba yake, akaskani upya. Doa likang'ang'ania palepale kama kupe.

"Vumbi gani hili lisilosikia!" alinung'unika, akaikuza picha.

Pichani, uani, mama alikuwa amempakata yeye, kichanga, mtoto pekee wa nyumba ile. Nyuma yao, dirishani, doa lilikuwa na vidole vitano vilivyokunjuliwa kiooni. Kisha akauona uso wa msichana mdogo.

"Mama, siku hii tulikuwa na mgeni?"

Mama alikuwa akikunja nguo, kaipa kompyuta mgongo. "Mgeni? Hapana. Tulikuwa sisi watatu tu."

Akalikunja shati lilelile mara ya pili, ya tatu, kisha akauliza bila kugeuka:

"Bado ananipungia mkono?"