Mstari wa Tano

Nilisoma mstari wa tano bila kukosea, na Daktari Mugeni akaanza kuandika kwamba jicho langu la kushoto limepona.

Halikuwa limepona. Ubao wa herufi niliuona kama ukungu. Ila tangu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wake, nikiwasikiliza wagonjwa saba wakisoma, mpaka nikazishika herufi zote kichwani.

Ugonjwa wangu ni wa viungo. Ulianza mgongoni, ukaja magotini, mwisho ukaingia ndani ya jicho, likawa jekundu, likauma, likaogopa mwanga. Nami ni fundi cherehani, mtaa wa Nyakabanda. Wanangu walishasema, jicho likiharibika wataiuza cherehani.

"Mzee wangu, hongera," alisema daktari. "Sasa tunaacha matone na vidonge."

Niliitazama kalamu yake ikikwaruza karatasi.

Herufi hizo nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na miwili, shule ya jioni, dawati moja na vijana wa umri wa wanangu. Walinicheka, nikamaliza wa kwanza. Sikujifunza ili nije kumdanganya mtu.

"Daktari, futa hiyo. Nimesoma kwa masikio."

Kalamu ikasimama. "Kwa masikio?"

"Mlango wako hauzuii sauti, binti yangu."

Akacheka kidogo, kisha akageuza ubao. Upande wa pili ulikuwa na herufi ambazo sikuwahi kuzisikia.

Nikanyoosha mgongo, pamoja na maumivu yake, nikafunika jicho la kulia.

"Sioni hata moja," nikasema. "Andika."