Roho Thelathini na Ushei

"Mke wangu kwanza, mwanangu. Mke wangu," Komora alirudia, vidole vyake vya matope vikiing'ang'ania meza ya Janet.

Janet alikunja pua. Mzee alinuka maji ya mafuriko, na ombi lake lilinuka zaidi. Petroli iliyobaki Garsen ilitosha boti safari moja kabla ya giza, naye alitaka iende Kulesa kumchukua mtu mmoja juu ya paa.

Droni ya Janet ilikuwa juu sana, na kamera yake iliona joto tu. Kompyuta ilichanganya mahali droni ilipo, kimo chake na mwinamo wa kamera, ikatoa mahali hasa penye kila doa la joto ardhini. Kulesa, doa moja. Kwenye kisiwa cha migunga, upande wa pili, madoa thelathini na ushei.

"Hao ni wangu," alisema Gershom, mwenyekiti wa kamati ya mafuriko, machozi yakimlenga. "Ona, wadogo wamelala ubavuni mwa mama zao."

"Hulda hajui kuogelea," Komora akasema. "Na paa lenyewe ni la makuti."

"Mzee, huna haya?" Janet alifoka. "Roho thelathini na ushei, wewe na mkeo tu! Unatia kinyaa."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," mtu akadakia nyuma, na mwingine akatema mate karibu na miguu ya Komora. Mzee akaketi kwenye matope.

Kiti, nahodha wa boti, akaelekezwa kisiwani. Gershom akapanda naye. Alishusha magunia ya unga ili kupata nafasi, akapakia kamba. Huyu angalau ana utu, Janet aliwaza.

Jua lilipokaribia kuzama, aliirudisha droni juu ya Kulesa. Alitafuta doa lile mara mbili, mara tatu. Kioo kilikuwa cheusi kote. Hakuthubutu kumtazama Komora. Roho thelathini, alijiambia, roho thelathini.

Redio ikakoroma.

"Dada Janet, tumefika," ilisema sauti ya Kiti. "Mwenyekiti asema tupakie ndama peke yao. Mama zao watafuata nyuma, wanajua kuogelea."