Mkono Mmoja Juu ya Dari

Euphrasie aliinua mkono, kiganja kikagusa dari. Akatoka nje, akapanda ngazi ya nyuma ya kamyo kama mtu anayetafuta kutu, akaning'iniza kitenge chake kutoka ukingo wa paa mpaka usawa wa sakafu. Alikuwa muuza vitenge, na mkono wake ndio uliokuwa kipimo chake. Alipima, akapima tena. Kwa nje nyumba ile ilikuwa ndefu kuliko kwa ndani. Mkono mzima ulipotelea huko juu.

Alikunja kitenge, akashuka.

Katika ua wa Hemedi, pale Kasongo, kulikuwa na kamyo mbili kuukuu zilizogeuzwa nyumba: kitanda, jiko, rafu za bidhaa, dirisha la kuuzia. Moja fupi, moja ndefu kwenda juu, ile aliyoipima. Kule Salamabila, wachimbaji wakisikia shimo jipya limetoa dhahabu, huhama wote kwa mara moja, na muuza nguo hubaki na kibanda chake akitazama vumbi. Nyumba yenye magurudumu ingewafuata. Euphrasie alikuja na akiba yake yote, jasho la miaka ya kubeba robota kichwani. Akikosea hapa, atarudi kwenye robota.

"Yaya, tuchukue ile fupi," alisema Mugisho, mdogo wake, ambaye ndiye angekuwa shofere. "Injini yake iko mzuri, na hainywi mazutu sana."

"Anasema kweli, mama," Hemedi akadakia. "Hii ndefu ni mulevi. Upepo unaisukuma, matawi yanaikwaruza, na ukifika kwenye mianzi unashuka na panga. Urefu wa nini? Hakuna mutu analala wima."

Clovis, fundi wake wa kuchomelea, alicheka bila kuvua miwani yake nyeusi.

Euphrasie hakucheka. Mfanyabiashara gani anatukana mali yake? Muuza mihogo hasemi mihogo yangu michungu. Huyu hataki ile ndefu iuzwe. Ameiweka hapa kwa kuwa haifichiki tu.

"Na mbona ndani dari iko karibu hivi?" aliuliza taratibu.

Hemedi alikohoa. "Juu pale iko hewa tu, mama. Ya kuzuia joto."

Euphrasie akapanda ndani, akagonga dari kwa kidole.

"Usigonge!" Hemedi alimshika mkono. "Rangi haijakauka."

Euphrasie aliitazama rangi. Ilikuwa imekauka hata kupasuka.

Kule Salamabila, Euphrasie alikwisha kuona dhahabu ndani ya sabuni iliyochimbwa katikati, ndani ya kisigino cha kiatu, hata ndani ya kuku aliyechinjwa. Hakuwahi kuona mtu akiifungia hewa kwa mbao na misumari, katika nyumba ambayo hata sufuria inagombania mahali pa kutundikwa.

"Nataka hii," alisema.

"Yaya!"

"Nyamaza, we. Nani anaongoza hapa, kichwa ao muguu?"

Hemedi alikunja uso. "Ufikiri tena, mama. Urudi kesho."

"Kesho? Ili leo ufanye nini?"

Hemedi akataja bei. Euphrasie, ambaye sokoni alijulikana kwa kubishana mpaka muuzaji apige magoti, safari hii hakuomba ishuke hata kidogo; alilipa papo hapo. Aliogopa kumpa mtu yule nafasi ya kubadili moyo. Hemedi aliomba tu aioshe kamyo kwanza, wakati wao wanakula. Euphrasie alikula bugali wake macho kwenye kamyo, lakini ubavu wa pili hakuuona.

Euphrasie hakumwambia Mugisho kitu kuhusu dari. Ndugu ni ndugu, lakini dhahabu haina ndugu.

Njia ya Kabambare, ya kwenda Salamabila, ilikuwa kama Hemedi alivyosema. Mianzi iliwashusha na panga. Mahali pa wazi upepo uliisukuma kamyo kama mlevi anayetolewa baa. Mazutu yakaisha hata Kabambare hawajaiona. Mugisho akachukua bido tupu akaenda kutafuta mengine vijijini, akinung'unika.

Hicho ndicho Euphrasie alichokuwa akikingoja. Alijifungia ndani, akachomeka panga kwenye dari. Ubao wa kwanza ukang'oka. Aliingiza mkono mpaka begani, akautoa na utando wa buibui. Akang'oa wa pili, wa tatu, akang'oa dari yote.

Hewa.

Aliketi sakafuni, vumbi la mbao kichwani, machozi karibu. Kisha akasimama ghafla. Hemedi ameitoa! Pale alipojifanya anaosha, alikuwa anaitoa!

Mugisho aliporudi na bido, alikuta dari chini na dada yake akipanda pikipiki ya kukodi.

"Yaya, unaenda wapi?"

"Kuchukua changu. Wewe ulinde kamyo."

Njia nzima alitafuta maneno. Mtu atamshitaki vipi mwenzake kwamba amemwibia kile alichotaka kumwibia? Hata pikipiki ilipomshusha Kasongo, hakuwa ameyapata. Basi hakubisha hodi. Alisogea kwenye ua wa matete, akapenyeza jicho.

Ile kamyo fupi ilikuwa bado mahali pake. Pale iliposimama yake, palikuwa na nyingine ndefu, bado inachomelewa, cheche zikiruka. Hemedi alikuwa juu ya ngazi, Clovis ndani.

"Dari nifunge wapi?" Clovis aliuliza. "Pale pale?"

"Shusha tena kidogo," Hemedi alisema. "Ule mama wa vitenge alikawia kuiona."