Mita Hamsini

"Kithaka!" karani aliita tena. "Ingia ndani!"

"Siwezi!" sauti ilijibu kutoka ng'ambo ya uwanja wa korti. "Mama yuko humo, na mlisema nisimkaribie mita hamsini!"

Watu waliangua kicheko. Hakimu mwenyewe alijificha nyuma ya faili.

Mama alichungulia dirishani. Mwaka jana mwanawe alikuja amelewa akavunja mlango wa jikoni, naye akakimbilia korti, ikampa kijana amri asimkaribie. Leo alikuwa amekuja kuomba ile amri ifutwe, maana kijana ameacha pombe, na nyumba imekuwa kimya mno.

Kithaka alikuwa amelowa chepechepe kwa mvua. Ule mwavuli ambao mama aliusahau stendi asubuhi alikuwa nao, lakini hakuufungua. Aliukumbatia ndani ya koti, mpini tu ukichomoza, usije ukalowa.

"Cucu," hakimu aliuliza kwa upole, akimwita bibi kwa Kikuyu, "tuifute?"

Mama alipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Ipunguze tu, mheshimiwa. Afike mezani, ale. Lakini usiifute yote. Tangu nimzae, hii ndiyo amri ya kwanza anayoitii."